Damu Iliyopimwa kwa Kalamu

Jamani, haya hayakutokea mwezini. Yalitokea kwenye kliniki ya magonjwa ya akili, asubuhi ya Alhamisi, wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi na kadi zao mikononi, wanapiga soga. Muuguzi wao, ambaye kliniki nzima ilimwita Sista Chapchap kwa jinsi foleni yake ilivyokwenda mbio, alikuwa akitaniana na fundi seremala mmoja.

Fundi huyo mngemwona msingeamini. Miaka sita alisikia sauti zikimtukana, akawa anaziba masikio kwa pamba, karakana yake ikajaa vumbi. Dawa nyingine zote ziligonga mwamba. Hii mpya ndiyo iliyomrudisha kwenye randa na msumeno wake. Lakini ilikuwa na sharti: miezi ya mwanzo, kila wiki damu ipimwe. Kwa watu wachache dawa hiyo hupukutisha chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na mtu akibaki bila hizo, ugonjwa mdogo tu unammaliza. Kwa hiyo dirisha la dawa halikutoa hata kidonge kimoja mpaka namba ya chembe hizo iandikwe kwenye kadi.

Siku hiyo maabara ilikuwa imefurika watu. Dada mkubwa wa fundi, mshonaji aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akauliza, "Sista, leo tutachelewa?"

"Mchelewe kwa nini na mimi nipo?" Sista akamtazama fundi juu mpaka chini. "Huyu si mzima kama kigongo? Wiki nane zote damu yake safi. Leo hakuna haja ya kutoa damu."

Akatoa kalamu. Namba ya wiki iliyopita ilikuwa elfu tano na mia mbili. Akaandika elfu tano na mia moja, isije ikafanana mno. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo panapouma. Aliwahurumia kweli. Alhamisi iliyofuata akafanya vilevile, na ya tatu pia, mkono umeshazoea.

Jumatatu, simu ikaita.

"Sista, mdogo wangu ana homa. Koo linamuuma, hata mate hamezi, na mdomoni ana vidonda."

Sista aliitambua sauti ya mshonaji. Alijua. Alifundishwa darasani: mtu wa dawa hii akipata homa na koo, apimwe damu siku hiyohiyo. Lakini kipimo kipya kingezua maswali kuhusu vile vitatu.

"Mafua hayo, dada yangu. Yamezagaa mji mzima. Mpe maji ya moto, na dawa asiache."

Asiache! Mnalisikia neno hilo?

Jumatano fundi akapelekwa hospitali kubwa, hajiwezi. Daktari akafungua kadi, akaona namba nzuri za wiki tatu mfululizo, akapiga simu kliniki.

"Muuguzi, mashine yetu ya damu imeharibika mpaka kesho. Hizi namba zako niziamini?"

Hapo fundi alikuwa bado anaweza kuokolewa. Sista angesema hapana, basi, kidonge kingesimamishwa palepale. Akautazama mlango wa ofisi ya msimamizi wake.

"Ziamini, daktari."

Daktari akatibu koo la kawaida, na kidonge kikaendelea. Kesho yake mashine ilipotengemaa, chembe nyeupe zilikuwa karibu hakuna. Kidonge kikasimamishwa, dawa kali zikaingizwa mshipani, lakini wapi. Ijumaa mchana fundi akakata roho, dada yake kamshika mguu.

Wiki moja baadaye mshonaji alikuja kliniki na vidonge vilivyobaki, kavifunga kwenye kipande cha kitambaa.

"Nimevirudisha, wengine wasije wakakosa. Na nimekuja kukushukuru, Sista. Wewe hukutusumbua hata siku moja."

Sista alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali angetukanwa.

"Dada, sikupima," akasema. "Zile namba za wiki tatu za mwisho nilizibuni. Niliandika tu."

"Uliandika tu?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Nilitaka msichelewe."

Mshonaji alikaa chini taratibu. "Mimi niliuliza tu kama tutachelewa," akasema. "Sikukuambia usipime. Tungekaa, Sista. Tungekaa hata kutwa nzima."

Habari ikamfikia msimamizi, Sista akaachishwa kazi na kupelekwa mahakamani. Mshonaji hakwenda hata kusikiliza kesi yake, ingemsaidia nini?

FUNZO LA KISA HIKI

Enyi wauguzi, namba usiyoipima usiiandike, hata kwa huruma. Na ukishakosea, sema mapema, aibu ikupate ukiwa na mgonjwa aliye hai. Kosa la kalamu lingeweza kurekebishwa. Uongo wa kwenye simu ndio uliomzika fundi.

Nanyi ndugu wa wagonjwa, dawa hizi msizikimbie, maana ndizo zilizomrudishia fundi akili zake na kazi yake. Ila mtu akiwaambia leo hakuna haja ya kutoa damu, msiondoke, hata kama anatabasamu. Na homa au koo likimshika mgonjwa wenu, msikubali kutulizwa kwa simu: mpelekeni apimwe damu siku hiyohiyo, na majibu myaone kwa macho yenu. Mshonaji aliamini kwa sababu alitendewa wema, na wema huo ndio uliomwacha peke yake.