Magugu Yaliyonukia Marashi

Magugu ya ziwa hunuka tope. Asubuhi ile yalinukia marashi.

Nahodha alikunja pua, akapunguza mwendo. Boti yake haikuwa na pangaboi la nje. Ilinyonya maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu. Magugu yakiingia, ilikabwa kama mtu aliyepaliwa. Sasa ilikabwa. Injini ililia, boti haikusogea.

"Tumekwama?" mkewe aliuliza. Mtoto wao, asiye hata na jino, aliwaka homa mapajani pake. Ng'ambo lilionekana paa jekundu la hospitali.

"Nayatoa sasa hivi."

Alizima injini, akavua shati akamkinga mtoto na jua. Kisha akamvika mkewe ufunguo shingoni, kama kila walipokwama. "Usiwashe mpaka uuone uso wangu."

"Najua. Leo ndiyo unanifundisha?"

"Namlinda mumeo. Mwenye sura kama hii utampata wapi tena?"

Mkewe alicheka kidogo. Nahodha akalala kifudifudi nyuma ya injini, asikoonekana, akaingiza mkono hadi begani katika tundu la kunyonyea maji.

"Bibie," alinong'ona baadaye. "Haya si magugu. Ni nywele. Zimesukwa."

"Toa mkono!"

"Zimenishika."

Marashi yakamjaa mama kooni, maji yakatulia kama yanayosikiliza, na mtoto akalegea, macho yakapanda juu, pumzi ikawa haisikiki tena, na mama akimtikisa na kumwita huku akilitazama lile paa jekundu lililokuwa karibu hivyo na mbali hivyo, akaisikia sauti ya mumewe, ya upole, pale pale sikioni: "Nimemaliza, bibie. Washa."

Akawasha.

Wavuvi waliosikia mayowe ndio waliowavuta hadi ng'ambo. Hospitalini, muuguzi alipiga magoti akamwosha mama damu miguuni, bila kumuuliza ni ya nani.

Nahodha alipozinduka, bega lake likiwa limefungwa bendeji na chini yake hakuna kitu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto?"

"Homa imeshuka." Mama hakuweza kumtazama. "Uliniambia niwashe."

 Nahodha akaunyoosha mkono uliobaki, akamfuta mkewe machozi.

"Sikusema kitu, bibie."

Mtoto akajigeuza kifuani mwa mama. Alinukia marashi. Akamkazia macho, akafungua kinywa kisicho na jino, na kwa sauti ya baba yake akasema:

"Ahsante, bibie."