Cheche na Mfumo wa Kujaribu

Jumamosi asubuhi Cheche alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unapiga ngoma kwenye ukingo wa sinki, na mguu wake ulikuwa unagonga sakafu bila kupumzika.

"Mguu huo tungeufunga kwenye cherehani, tungeshona sare za shule nzima," mama yake alisema huku akitafuta viatu vyake vya kazini. "Sufuria hiyo ina masizi. Irudie."

"Nimeshaisugua, mama."

"Umeipapasa. Irudie."

Mama alifanya kazi katika duka la dawa na hakupenda kazi ya juujuu. Binti yake alikuwa na jina lake zuri tu, lakini tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kutulia, kwa hiyo nyumbani wote walimwita Cheche. Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuhangaika kuliko kawaida. Alitaka mama aende kazini, dada yake mkubwa aende saluni, na yeye abaki na kompyuta.

Jana yake, kwenye klabu ya kompyuta, mwalimu aliwafundisha kuhusu mfumo huria. Aliwaeleza kwamba kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza programu nyingine zote. Mifumo mingine huuzwa, na wenye nayo hawaonyeshi jinsi ilivyotengenezwa. Mfumo huria uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuchungulia ndani yake, kuurekebisha na kumpa mwenzake.

Kila mwanafunzi alikuwa ameambiwa alete flashi isiyo na kitu, na mwalimu akamwekea mfumo huo, ambao ukiwekwa hufuta chochote kilichomo.

"Huu ni wa kujaribu," mwalimu alisema. "Unachomeka flashi, unawasha kompyuta, mfumo unafanya kazi kutoka kwenye flashi. Diski ya kompyuta haiguswi. Ukimaliza unazima, unachomoa, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Mtu asisakinishe chochote nyumbani bila mwenye kompyuta kuwepo. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," Cheche aliitikia kwa sauti kuliko wote, macho yakiwa dirishani.

Flashi yake ilikuwa nyekundu. Aliitoa Ijumaa hiyo asubuhi kwenye kikombe cha kalamu, juu ya meza ya dada yake. Mwalimu alipomuuliza, "Hii ina kitu ndani?" alijibu, "Tupu, mwalimu." Hakuwa ameifungua. Ilikuwa na vumbi, naye aliona kitu chenye vumbi hakina mwenyewe.

Nyumba ilipobaki kimya, Cheche alikaa mbele ya kompyuta. Ilikuwa kompyuta mpakato ya mitumba, nzito kama tofali, na ukiiwasha ungeweza kwenda kuoga ukarudi kabla haijawa tayari. Dada aliitumia kwa masomo yake ya uchoraji wa majengo chuoni. Cheche aliruhusiwa kuitumia kwa kazi za shule tu.

Alichomeka flashi, akawasha. Kioo kikawaka, na maneno yakatokea kwa Kiswahili: Karibu. Hakuamini. Kompyuta ileile ya kizee ilikuwa inakwenda mbio. Alibadilisha picha ya nyuma ya kioo, akapanga alama za programu kama alivyotaka, akafungua programu ya kuchorea akachora kuku mwenye miwani. Kisha akazima na kuwasha tena, ili aone tu jinsi inavyowahi.

Kuku hakuwepo. Picha ya nyuma ilikuwa ileile ya mwanzo. Alama zilikuwa zimerudi mahali pake.

Alipanga upya, akachora kuku wa pili, akazima, akawasha. Kuku wa pili naye akapotea. Mwalimu alikuwa ameeleza jambo hilo pia, kwamba mfumo wa kujaribu haukumbuki chochote ukizimwa, lakini wakati huo Cheche alikuwa anahesabu ndege kwenye waya wa umeme.

"Sasa faida yake nini?" alinung'unika. Mguu ulikuwa unagonga. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na alama iliyoandikwa Sakinisha. Alijua maana yake. Mfumo ukisakinishwa unahamia ndani ya kompyuta, na kuku hapotei.

Alibofya. Maswali yakaanza kuja. Lugha gani? Endelea. Kibodi gani? Endelea. Likaja swali lenye maelezo marefu, kama anataka kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani au anataka kutumia diski nzima. Maelezo ya kwanza yalikuwa marefu mno. Akachagua ya pili. Kisha kikatokea kisanduku chenye maandishi mekundu, na chini yake kitufe. Jicho la Cheche liliruka maandishi likatua kwenye kitufe. Endelea.

Mstari ulianza kujaa polepole, na juu yake paliandikwa: Inafuta diski.

Alisoma tena. Safari hii alisoma kila neno.  Alibonyeza kitufe cha kuzimia akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Akachomoa flashi, akawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja tu wa maneno meupe asiyoyaelewa.

Dada aliporudi, kichwa kimesukwa vizuri na bado kinamuuma, alimkuta Cheche anafagia chumba kilichokwisha fagiwa.

"Kompyuta imezima," Cheche alisema kabla hajaulizwa.

"Imezima vipi?"

"Yenyewe. Nilikuwa nafanya hesabu, ikazima."

Dada alijaribu kuiwasha, akatikisa kichwa. "Imechoka hii. Sikulaumu. Ngoja niipeleke kwa fundi, Jumanne nawasilisha michoro yangu mbele ya watahini. Siwezi kusubiri."

Aliondoka nayo kwenye mfuko. Maneno "sikulaumu" yalimkaa Cheche kooni kama mwiba wa samaki. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alifungua bomba akalifunga bila kunywa maji.

Dada alirudi mikono mitupu, akajitupa kitandani.

"Fundi amesemaje?" Cheche aliuliza.

"Anapiga mfumo upya, jioni naifuata. Ameuliza kama kuna vitu vya kuokoa kwanza, nikamwambia asihangaike, afute tu. Nakala ya michoro ninayo."

"Iko wapi?"

"Kwenye flashi yangu nyekundu. Iko hapo kwenye kikombe cha kalamu. Hebu nirushie."

Cheche hakusogea. Aliigusa flashi kupitia kitambaa cha mfuko wa sketi yake. Angeweza kusema haioni. Dada angeitafuta chini ya kitanda, kwenye mikoba, nyumba nzima, na wakati huo fundi angekuwa anaendelea kufuta.

"Dada," alisema. "Flashi ninayo mimi. Nimeifuta. Na kompyuta haikuzima yenyewe."

Dada aliinuka taratibu. "Rudia."

Cheche alirudia, safari hii yote, tangu kikombe cha kalamu mpaka maandishi mekundu. Dada hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. Alichukua simu akampigia fundi. Simu iliita mpaka ikakata.

"Kimbia," dada alisema. "Wewe ndiye mwenye mbio. Mwambie asimamishe."

Cheche alitoka bila viatu. Alipita nyuma ya maduka, akaruka mtaro, akamkwepa muuza mayai aliyemfokea, "We mtoto, unafukuzwa?" Alifika kwenye kibanda cha fundi akihema, akamkuta amefungua kompyuta ya dada, kidole kiko juu ya kibodi.

"Fundi, usibonyeze. Niliiharibu mimi."

Fundi, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua kidole. "Kumbe ina historia. Haya, keti. Ulifanya nini?"

Alimuuliza swali moja baada ya jingine. Ulichagua nini? Mstari ulijaa mpaka wapi? Ulizimaje? Uliwasha tena mara ngapi? Cheche alijibu yote kama yalivyokuwa, hata yale ya aibu. Dada alipofika, akiwa na ndala za Cheche mkononi, fundi alikuwa ameshazima kompyuta.

"Mdogo wako amewahi," alimwambia. "Chukulia diski ni kitabu. Huyu amechana ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine nyingi bado zipo, ila hatujui ipi ni ipi. Mimi ningepiga mfumo mpya, ningekuwa naandika juu ya kurasa hizohizo. Hapo hata mkinililia nisingekuwa na la kufanya."

"Na flashi?" dada aliuliza.

"Ya flashi sahau. Imeshaandikwa juu. Lakini nipeni, inafaa."

Akaichomeka. Ikatokea ileile Karibu. "Mfumo wa kujaribu hauigusi diski mpaka uuamuru," fundi alisema. "Kwa hiyo naweza kuingia kupitia huu, nikachungulia na kunakili kilichobaki bila kuchafua. Kifaa kizuri hiki. Tatizo lilikuwa dereva."

Dada alitaka kucheka, akajizuia.

Faili zilipatikana, zikawekwa kwenye diski nyingine, lakini zote zilikuwa zimepoteza majina. Zilikuwa zimechanganyika na picha za harusi, nyimbo, insha za zamani na takataka za kila aina. Mtu alipaswa kufungua moja baada ya nyingine, kuangalia, na kuipa jina.

"Nani ataifanya hiyo kazi?" mama aliuliza jioni alipoelezwa, ingawa alikuwa anamtazama Cheche.

Jumapili nzima Cheche alikaa kwenye kiti, kwenye kompyuta ambayo fundi aliwaazima. Alifungua, akaangalia, akaandika jina. Mara kadhaa mguu ulianza kugonga, naye akaendelea. Mchana dada, ambaye tangu jana yake alikuwa anamjibu kwa neno mojamoja, alisimama nyuma yake.

"Huo ni ukuta wa mbele, si wa nyuma. Angalia mlango."

"Nimeona. Nabadilisha."

Mchoro wa paa ulipatikana umeharibika, haufunguki. Dada aliuchora upya usiku ule, Cheche akimsomea vipimo kutoka kwenye michoro mingine, neno kwa neno, bila kuruka.

Mama alikuja akaketi kati yao. "Dukani kwangu kuna dawa mbili zenye chupa zinazofanana," alisema. "Nasoma lebo ninapoitoa rafuni, naisoma tena kabla sijamkabidhi mgonjwa. Kusoma najua tangu zamani. Nasoma mara ya pili kwa sababu nikikosea, atakayeumia si mimi. Wewe, Cheche, kompyuta ilikuuliza kwa wino mwekundu, hukusoma. Mwalimu alikuuliza kama flashi ni tupu, hukuangalia. Na vyote havikuwa vyako."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, dada."

"Kujaribu vitu vipya sikukatazi. Jaribu. Lakini muulize mwenyewe kwanza, na usome mpaka mwisho. Ukiharibu, sema palepale, wakati bado kuna cha kuokoa. Ule uongo wako wa saa chache ndio uliokaribia kummaliza dada yako, kuliko hata kile kitufe." Kisha akamgeukia mkubwa. "Na wewe msomi, kazi ya mwaka mzima, nakala moja, kwenye kikombe cha kalamu?"

Dada aliinamisha kichwa. Safari hii Cheche ndiye aliyejizuia kucheka.

Jumanne dada aliwasilisha michoro yake, na paa lilikuwepo. Mwisho wa wiki, baada ya kuweka nakala mahali pawili tofauti, aliichukua kompyuta yake kwa fundi, akaiweka mezani na kuvuta viti viwili.

"Haya, huo mfumo wako wenye mbio. Tuusakinishe, nami nikiwepo. Wewe bofya, lakini unisomee kila kitu kwa sauti."

Cheche alisoma. Lugha. Kibodi. Maelezo marefu, yote. Kikaja kisanduku chenye maandishi mekundu. Aliyasoma taratibu, akaondoa mkono kwenye kipanya, akamtazama dada yake.

"Niendelee?"

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Mpaka nukta."

"Basi endelea."