Bomba la Mtaani Lilipokauka

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare, akabeba dumu na kwenda kuchota maji mtaa wa pili. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo usiotulia, lakini tangu bomba la mtaani kwao likauke, hata kuongea kulimchosha. Hesabu zake alizifanya huku akisinzia.

Jioni moja alimkuta mama yake, fundi cherehani, amejinyoosha mkekani.

"Mama, leo kuna mkutano wa mtaa. Twende ukaseme habari ya bomba."

"Mgongo hauna hali, mwanangu. Na mikutano yenyewe maneno matupu. Watasema wengine."

"Na wao wakisema hivyo hivyo?"

Mama alifumba macho. Chiriku akaenda peke yake.

Watu walikuwa haba, na kila mmoja alimtupia mwenzake lawama. Chiriku akanyoosha mkono.

"Haya ni mambo ya wakubwa, mtoto," alisema muuza mkaa.

"Lakini maji nachota mimi, baba."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akamruhusu aseme.

"Samahanini, wazazi wangu. Nani amekwenda ofisi ya maji kuwaambia?"

Watu wakatazamana. Kila mtu alidhani mwenzake amekwenda. Kisha sauti anayoijua ikatoka nyuma. Mama yake alikuwa amemfuata, mkono kiunoni.

"Mimi sijaenda," alisema. "Kesho nitakwenda. Nani atanisindikiza?"

Muuza mkaa aliinamisha kichwa, halafu akasema, "Tutakwenda wote, dada."

Safari ya kwanza waliambiwa warudi. Ya pili, walikaa kwenye benchi mpaka mama akasinzia, na ofisi ikafungwa. Ya tatu ilikuwa siku za likizo, wakaenda nusu ya mtaa, watoto kwa wazee. Ofisa aliwatazama, akavuta pumzi, akawaita mafundi.

Mafundi walifukua bomba lililopasuka. Maji yalitoka yenye kutu, kisha yakawa safi.

"Umechoka, mama?" aliuliza Chiriku, wakikinga dumu.

"Sana. Lakini mtaa ni wetu sote, mwanangu. Ukimwachia mwenzako aseme, naye anakuachia wewe, basi halisemwi. Kuchoka tutachoka tu. Heri tuchokee jambo linalokwenda mbele."

Wakashika dumu huku na huku, wakaingia ndani.