Vipimo vya Fundi Cherehani

Harufu ya mpira ulioungua ilianza Jumatatu asubuhi, ofisini kwa hakimu, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hakuna gari lililowahi kufika. Hakimu alifungua dirisha, akalaumu jua, akalaumu zulia, kisha akamlaumu karani wake, maana karani ndiye aliyekuwepo.

"Sijaunguza kitu, Mheshimiwa," alisema karani, mzee aliyepachikwa jina la Muhuri kwa sababu hakuna karatasi iliyompita bila kugongwa. "Ila hata mimi naisikia. Na mafuta ya cherehani kwa mbali."

"Mzee, kaendelee na kazi."

Hakimu mwenyewe alikuwa na hukumu ya kuandika. Mfanyabiashara mwenye gari jeupe alikuwa amemgonga fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na miwili, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Alikuwa amekiri. Na mshtakiwa akikiri, mahakama hii ilikuwa na mazoea yake: mwendesha mashtaka husoma maelezo mafupi, kisha huomba ripoti ya daktari aliyeichunguza maiti ipokelewe bila kusomwa, kuokoa muda. Ripoti hupigwa pini pembe zote nne, huingia kwenye faili, basi. Kwa miaka kumi na mmoja hakimu hakuwahi kung'oa pini hata moja. Maelezo mafupi yalisema marehemu alifariki papo hapo. Yalisema hivyo kwa marehemu wote.

Akaandika: faini. Mshtakiwa alikuwa na familia, majuto, na wakili mwenye sauti nzuri. Wiki iliyotangulia dereva wa lori alikula miaka mitano kwa kosa hilo hilo. Naye alikuwa na familia na majuto, ila hakuwa na mtu wa kumfundisha kulia kwa mpangilio.

Kabla hajaweka nukta, kitu cha baridi, chembamba kama utepe, kilimzunguka goti la kulia. Sauti ya kike ikanong'ona chini ya meza, "Goti, kumi na nne."

Goti likapasuka.

Muhuri alimkuta sakafuni, mfupa umetokeza kwenye suruali.

"Kiti kimevunjika," alisema hakimu, meno yameumana.

"Kiti kizima, Mheshimiwa."

Alhamisi alirudi na magongo, plasta hadi pajani. Hakuwa mtu wa kuamini majini. Alikuwa na shahada mbili, na watu wenye shahada mbili huanguka kisayansi. Kesi ilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu akaichukua hukumu ile aitie sahihi.

"Kifua," ilisema sauti, sasa nyuma ya sikio lake, kwa upole wa fundi asiyetaka kumchoma mteja pini, "thelathini na sita," na utepe ukakaza chini ya makwapa, na kabla hajapata pumzi ya kumwita mtu akapigwa ubavuni na uzito wenye mwendo, akarushwa na magongo yake hadi kwenye kabati, mbavu zikikatika moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi za mbao, na mdomoni akaonja chumvi na chuma, na harufu ya mpira ikajaa chumba mpaka macho yakamtoka machozi.

Muhuri alifunga mlango kwa ndani. Alimtazama hakimu, akatazama faili, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini: akang'oa pini za ripoti.

"Jeraha la kwanza, goti la kulia," alisoma kwa sauti ya chini. "La pili, mbavu za kushoto." Akageuza ukurasa. "Mheshimiwa, la tatu ni taya."

"Yako mangapi?"

"Tisa."

"La tisa?"

Mzee aliitazama shingo ya hakimu tu.

"Niinue," alisema hakimu. "Nipeleke ndani."

Aliingia mahakamani amemwegemea karani, damu kidevuni. Safu ya mbele alikaa mama wa fundi, aliyehudhuria kila tarehe bila kusema neno. Kizimbani mfanyabiashara alikuwa anarekebisha tai.

Hakimu akafunua ripoti. "Jeraha la kwanza," akaanza, na utepe gotini ukalegea. "La pili." Mbavu zikaacha kuchoma.

"Mheshimiwa," wakili alisimama, "kielelezo hicho kilipokelewa bila kusomwa."

Hakimu akageuka kumjibu, na katika kunyamaza kwake huko kwa sekunde moja mkono usioonekana ukamshika taya ukalizungusha, jino likamdondokea mezani mbele ya watu wote, na utepe ukapanda shingoni, "kumi na tatu," ikasema sauti, "kumi na mbili, kumi na moja," ikikaza, naye akisoma kwa mdomo uliopinda, la tatu, la nne, la tano, bila kupumzika, mpaka akafika pale daktari alipoandika kwamba majeraha ya sita hadi ya tisa yaliingia kutoka upande wa pili, kwamba gari lilirudi nyuma likampita tena msichana aliyekuwa bado hai.

Mfanyabiashara aliiacha tai.

Utepe ukaanguka. Hakimu akaikata faini kwa kalamu, akatoa miaka saba, akieleza kila mwaka unatoka wapi. Mama wa marehemu alipopita mbele ya meza alisimama kidogo.

"Ahsante kwa kumsoma, mwanangu," alisema.

Harufu iliisha. Ofisini, Muhuri alimfunga hakimu taya kwa kitambaa wakisubiri gari la hospitali, akatoka kuliangalia. Hakimu akabaki na kabati lake, miaka kumi na mmoja ya mafaili.

Pini ikadondoka sakafuni. Kisha ya pili. Faili la dereva wa lori likajifunua lenyewe, kwenye ukurasa ambao hakimu hakuwa ameuona: marehemu aliletwa hospitalini mikononi mwa dereva mwenyewe, aliyembeba akikimbia, akakaa naye hadi akakata roho.

Harufu ya dizeli ikapanda. Mkono wa marehemu huyo, wa mwanamume, mpole kabisa, ukaushika wa hakimu kama mgonjwa anavyomshika mtu aliyebaki naye. Ukamvunja kidole kimoja.

Vilikuwa vitano. Miaka ya dereva nayo ilikuwa mitano. Hakimu akajiburuza kuifuata kalamu kabla ya kidole cha pili.