Mikono ya Wendell

Kila Jumatatu, kabla ya hisabati, Adeline Svoboda aliongoza kikao cha darasa la sita. Alikuwa mwenyekiti, na alipenda mambo yaende chapuchapu. Jumatatu ile walikuta mashine ya darasa ya kuangulia vifaranga imezimika. Mayai yote yalikuwa yamepoa.

Mwalimu wao, Hruska, alikuwa ameitwa ofisini.

"Wendell ndiye aliyefunga darasa Ijumaa," Adeline akasema. "Asiende nasi kwenye safari ya darasa ya treni. Wanaokubali?"

Wendell Pruitt akasimama, akapunga mikono yote miwili. "Ngojeni! Nina neno!"

"Keti wewe, muuaji wa vifaranga!" mmoja akapayuka, darasa likaangua kicheko. Adeline akahesabu kura, shauri likapita. Wendell akalaza uso juu ya dawati. Safari hiyo aliingoja tangu theluji ya kwanza.

Jioni, wakila viazi, Adeline alimsimulia mama yake, dereva wa treni za kubeba mahindi, yaliyotokea, huku akijisifu kwamba kikao kilikwisha upesi.

"Na huyo Wendell alisema nini?"

"Alipungapunga mikono tu, Mama. Tungechelewa hisabati."

Mama akaweka uma chini. "Mimi nikiona mtu kando ya reli anapunga kitu, hata shati, nafunga breki. Siulizi ni nani. Treni haiwezi kumkwepa mtu, Addie. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akihukumiwa bila kusikilizwa, tunasema amepelekwa kwa reli."

Adeline hakumaliza viazi vyake.

Asubuhi alimfuata Wendell uwanjani. "Jana ulitaka kusema nini?"

Wendell alitazama viatu vyake. "Ijumaa ulichomoa plagi ya mashine, ukachomeka kichongeo cha penseli. Ulisema utairudisha."

Adeline akakumbuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipoingia ndani, alisimama mbele ya darasa zima, akaeleza yote. Hakuna aliyecheka. Wendell alirudishiwa nafasi yake, na yule aliyempayukia akamwomba radhi.

"Nimeua vifaranga, Mama," Adeline alilia jioni. "Halafu nikamsingizia mwenzangu."

Mama alimkumbatia, lakini hakumficha ukweli. "Plagi uliisahau, mwanangu, na kila mtu husahau. Lakini mikono ya Wendell uliiona. Siku nyingine ukiona mtu anapunga, simama kwanza."