Weusi Usiosuguliwa

Katika mji wa Tsubame, Yasutaka hung'arisha vijiko. Kijiko kikitoka mikononi mwake, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Lakini maagizo yalikuwa yameadimika. Mkewe, Fumie, alikwisha kumwambia wazi: wakikosa kazi mwezi huu, karakana inafungwa.

Ndipo jirani yao, Bi Kanbara, fundi wa mitambo ya haidrojeni, akaleta mabamba kumi meusi.

"Mzee, nilainishie kingo tu. Zinachana mipira ya kuzibia mtambo."

Kingo tu? Yasutaka aliona ametukanwa. Bamba lenye masizi namna ile litokeje karakanani kwake? Alisugua siku mbili. Mabamba tisa yaking'aa, la kumi likingoja, Fumie alijitazama meno humo.

"Mume wangu, hata samaki wa jana namwona jinoni. Tutapewa kazi ya mwaka mzima."

Bi Kanbara alipokuja, alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mzee, ule weusi uko wapi?"

"Nimeutoa. Ulikuwa mkaidi kweli."

"Huo weusi ndio mali yenyewe."

Yasutaka alitamani ardhi impasukie. "Uliambiwa kingo," Fumie akamwambia. "Masikio uliyapeleka wapi?"

Bi Kanbara alifungua madirisha, akavaa glavu, akajaza bilauri mbili maji ya magadi makali. "Msiguse, yanachoma ngozi." Katika moja alitia bamba linalong'aa, katika nyingine lile jeusi lililobaki. Akayaunganisha mabamba yote mawili na umeme wa nguvu sawa.

Kwenye bamba la Yasutaka viputo vilitoka kimoja kimoja. Kwenye jeusi vilifoka kama uji jikoni.

"Maji yana haidrojeni ndani," alieleza. "Umeme huitoa. Huu weusi ni aloi, yaani nikeli iliyochanganywa na molibdeni. Ni kichocheo: huharakisha kazi, chenyewe hakiliwi. Na kwa kuwa una mikwaruzo, gesi inapata mahali pengi pa kutokea. Ukiung'arisha, umeme mwingi unapotea bure."

"Kumbe nimeharibu kwa kutengeneza," Yasutaka alisema kwa uchungu.

"Ndani ni nikeli nzima. Tutayapaka upya. Lakini safari hii utaweza kuacha?"

"Ataweza," Fumie alijibu. "Nitakaa naye."

Mabamba yalipokwisha kupakwa, alikaa naye, mwiko mkononi. Kila vidole vya mzee vilipotoka kingoni kwenda katikati, alivichapa. Kingo zikawa laini, weusi ukasalimika.

Mtambo ulipowashwa, haidrojeni ilitoka tele kwa umeme mdogo, na hakuna mpira uliochanika. Bi Kanbara akaleta mabamba mia mbili.

Yasutaka aliyatazama, akameza mate.

"Miaka thelathini na minane nimelipwa kuutoa weusi," alisema. "Sasa nalipwa kuuacha, na kuuacha ndiko kugumu."