Rangi ya Pijo la Marehemu Baba

Duka la vifaa vya magari Mbinga mjini lilikuwa limefurika. Tangu soko huria lianze, makopo ya rangi yalipangwa mpaka barazani, mazuri na takataka pamoja. Asteria, kitenge cha njano kimemkaa kiunoni, alidaka kopo la mwisho la rangi ya kijivu. Mkono mwingine ukalidaka pia.

"Achia, kaka. Ni la Pijo, gari la marehemu baba."

"Ukalipake kwa ufagio?" Kijana alicheka. "Naitwa Erasmo, fundi rangi, mtu wa kijiji cha Kihagara. Chukua kopo, na mimi unichukue."

Alichukua kopo, fundi akafuata. Kahawa ilipoanza kuiva, Erasmo alikuwa ameshanyoosha bodi na anamwita Asteria "mpenzi" mbele ya mama yake mzazi bila haya.

Siku moja Asteria alirudi kutoka shambani akakuta Pijo jekundu, linang'aa. Akalikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chini yake kutu ileile.

"Erasmo! Msasa hukupiga? Praima ya kuzuia kutu iko wapi? Na kopo letu la kijivu?"

"Lipo. Lile ni la mtu anayebaki na gari lake. Hii ni rangi ya kuuzia."

"Nani anauza?"

"Kaka yako Bernadi kaniambia unauza, unahamia Dar. Sasa nihangaike na praima ya nini?"

Mwanamume mzima, anaambiwa neno moja na shemeji, anameza bila kutafuna!

"Mimi uliniuliza? Unakula ugali wangu kila siku, mdomo wa kuniuliza huna? Toka!"

Akatoka. Asteria akateremka posta, akapiga simu Songea.

"Shikamoo kaka Bernadi. Gari la baba haliuzwi, na Dar siendi. Ukileta mnunuzi, nitamfungulia mbwa."

"Lakini mdogo wangu..."

Akabamiza simu.

Aliporudi nyumbani, alimkuta Erasmo amepiga magoti kando ya gari, anasugua msasa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Mama kaniambia ukweli, kumbe huendi popote," alisema. "Nisamehe, mpenzi. Niliogopa kukuuliza, usije ukasema kweli unaondoka."

"Usiniite mpenzi, bado nina hasira. Kwangua yote mpaka chuma kionekane. Kisha praima mara mbili."

"Mara mbili?"

"Nataka watoto wetu walikute na rangi yake ya kijivu."

Msasa ukasimama. "Watoto wetu?"

"Umesikia. Kwangua! Ukimaliza, nenda kamtafute mshenga."